Springi Chini ya Santuri

3 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko huu juu ya bahasha utasonya kwanza, kisha utaitia mfukoni na kuendelea na kazi mpaka ufunge duka, ndipo uifungue. Sonya tu, ni haki yako. Muda mrefu umepita sijaandika. Mimi ni mzima na kazi ninayo. Nimepanga chumba juu ya duka la matairi, na ile harufu ya mpira nimeizoea mpaka nikitoka nje naona hewa haina ladha. Mama hajambo? Nisalimie sana. Na yule kinyozi wa mbele yenu, bado ananyoa watu huku akiwahubiria?

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Hapa karakana tunafufua makabati ya muziki, yale ya zamani ya kutumbukiza sarafu, kama lile lako. Watu wenye nafasi siku hizi wanayataka sebuleni kwao. Daktari mmoja wa meno ameleta la kwake, na masanduku ya santuri juu yake. Shida ni ileile ninayoijua tangu utoto. Kabati limetengenezwa kwa santuri zenye tundu pana katikati, na nyingi katika santuri zake zina tundu jembamba la kupita penseli. Mkono wa mashine ukizileta, haziingii kwenye kitovu, kile kigingi kinene cha katikati. Zinakaa juu juu kama sufuria kwenye jiko bovu, sindano inateleza, basi tena.

Bosi alitaka tuzikate matundu. Daktari akasimama, akasema tutazikata siku atakayoturuhusu tumng'oe yeye meno yote. Ndipo nikaropoka kwamba ipo njia ya kulifanya kabati lenyewe lipokee zote, za tundu pana na za tundu jembamba, bila kugusa santuri hata moja. Bosi akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu aniajiri.

Mjomba, kabati lako linafanya hivyo. Nimekua nikilitazama, lakini ndani sikuwahi kufungua, ulinikataza. Nichoree ulivyofanya. Hata kwenye karatasi ya kufungia betri, mradi nielewe.

Mpwa wako,
Bisibisi


1 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Nimesonya kama ulivyoagiza. Kinyozi hajambo, bado anahubiri, na juzi alimkwaruza mtu sikio alipofika kwenye habari za moto wa milele. Redio bado zinaletwa, pasi zinaletwa, na kuna bwana mmoja kaniletea feni, kisha anataka nimweleze kwa nini mkewe anaichukia. Nimemwambia hilo si la umeme.

Mamako ana kikohozi. Kimemkalia tangu mvua zilizopita na hakitaki kuondoka. Cherehani yake iko palepale kibarazani kwangu, ila imefunikwa kitambaa. Watu wanakuja kuulizia nguo zao nawaambia vuteni subira. Siku hizi macho nayo yanamsumbua, kwa hiyo barua yako nimemsomea mimi. Aliniuliza neno moja tu: "Anakula?" Nikaipitia barua juu mpaka chini, sikuona mahali ulipoandika unakula. Nijibu hilo kwanza.

Haya, kabati. Unajua lilivyofika hapa? Mwenye ukumbi wa dansi alilileta nilitengeneze, akahama, asionekane tena. Mamako alikuwa na santuri moja maishani mwake, ile aliyopewa na marehemu babako, tundu jembamba. Akaja nayo akaniambia, "Nipigie." Nikamwambia haiingii. Akasema, "Wewe si fundi?" Kazi yote ilianzia kwenye neno hilo.

Sikiliza basi. Kile kitovu kipana usikiunge na sahani inayozunguka. Kichonge kiwe wazi ndani, kama kikombe kilichofunikwa kichwa chini, na juu yake utoboe tundu dogo. Katikati usimamishe kijiti chembamba kisichotikisika, kipite kwenye tundu hilo. Ikija santuri ya tundu pana, inakivaa kikombe na kutulia. Ikija ya tundu jembamba, inakilalia kikombe, kikombe kinazama kwa uzito wa santuri, na kijiti kinabaki peke yake kuishika. Santuri ikiondoka, kikombe kinapanda mahali pake.

Kinachokipandisha ni springi. Hapo ndipo penye kazi. Ikiwa ngumu, kikombe hakizami. Ikiwa laini, kikizama hakirudi. Na santuri ni kitu chepesi, hata sahani ya chai inaishinda. Springi hiyo haichoreki, mpwa wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Njoo uione.

Na huyo bosi mwambie santuri ikikatwa tundu kwa kisu haipati tena katikati yake, wimbo unapepesuka kama mlevi. Mimi nimeshawaona wakata tundu, na wengi wao ningewakata masikio.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na asante sana. Niliisoma barua nimesimama mlangoni. Kikombe nimekichonga mwenyewe, shaba tupu, nimekisugua mpaka unajiona pua. Kijiti kimesimama wima. Bosi amekuja kukitazama na wageni wake. Mama apunguze kazi, anywe dawa, asikae penye upepo. Kikohozi cha mvua huisha jua likitoka.

Ila springi zimenitia aibu. Nilianza na ya kalamu. Kikombe hakikuzama hata kidogo, santuri ikakaa juu, wimbo ukalia kama ng'ombe anayeburutwa kwenda asikokutaka. Nikaweka ya kiberiti cha gesi. Ikazama vizuri, nikashangilia, kisha haikupanda. Nikanunua sanduku zima la springi dukani, kila ukubwa, nikazijaribu moja moja, na daktari wa meno amekaa kwenye kiti anatazama saa yake. Kuna moja ilikifyatua kikombe kikampiga bosi kifuani. Hakuna aliyecheka isipokuwa daktari.

Nieleze tu, Mjomba. Waya wa unene gani, umezungushwa vipi, urefu gani. Maneno machache. Kuja siwezi sasa hivi, kazi hii ndiyo itakayonitoa. Nimeshasema kwa mdomo wangu kwamba naiweza.

Mpwa wako,
Bisibisi


24 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika na ushauri wako wa upepo umefika. Daktari wetu wa hapa hakuwa ameufikiria.

Nilimsomea mamako ile habari ya kikombe kumpiga bosi kifuani. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikajuta. Kisha akauliza tena kama unakula. Hukujibu. Nimemwambia umeandika kwamba unakula vizuri na umenenepa. Usinifanye mwongo, kula.

Nimemhamishia kitanda huku mbele, chumba kinachopakana na duka, ukutani kwa kabati. Kule nyuma alikuwa peke yake mno. Asubuhi ananigongea ukuta, nami najua anachotaka, natumbukiza sarafu na kumpigia santuri yake. Mkono unaileta, kikombe kinazama polepole, babako anarudi. Hivyo ndivyo anavyosema yeye, "Haya, karudi." Ikiisha, siku nyingine anagonga tena. Juzi aliomba pasi, nikamuuliza unataka kupiga pasi nini na hali hiyo, akanifukuza chumbani. Unamjua.

Umeandika "nimekichonga mwenyewe", "nimeshasema kwa mdomo wangu". Hebu niambie, huko karakana umesema hiki kikombe ni cha nani?

Springi nitakuonyesha ukija. Nauli ya kukufikisha huku si kubwa kuliko sanduku la springi zisizofaa. Mamako hatoki kitandani, Bisibisi. Nimeiandika kwa kalamu ya wino ili isifutike.

Mjomba wako


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kujibu kwa sababu kila nikianza, kalamu inaandika matusi, na wewe ni mjomba wangu. Sasa nimepoa, nitasema kwa adabu.

Unanivuta kwa kamba. Springi mbele, mama nyuma. Unakumbuka ulivyoniandikia mara ile kwamba mama kaanguka na hajitambui? Niliomba ruhusa nikanyimwa, nikaondoka hivyohivyo. Njia nzima nilikuwa nalia kwenye basi, watu wananipisha kiti. Nikafika, nikamkuta amekaa kibarazani na futi shingoni, anampima mtu suruali, na wewe umeegemea mlango unacheka mpaka machozi. "Si umekuja!" Hilo ndilo ulilosema. Mlitaka nimwone binamu akiolewa. Nilikula, nikacheza, nikacheka na nyinyi. Niliporudi nilikuta mtu mwingine amekaa kwenye benchi langu, na zana zangu ziko nje kwenye gunia.

Hamkuniuliza. Hata siku moja hamkuniuliza ilikuwaje kazini.

Njia ya mwongo ni fupi, Mjomba, ulinifundisha wewe. Ukitaka nikuamini, nipe springi bila masharti. Mtu anayeuguliwa hakai kupangia watu bei.

Na kikombe nimesema ni cha kwetu. Hilo limekuuma? Nyumbani si kwetu?

Bisibisi


20 Juni

Bisibisi,

Barua yako sikumsomea yote. Nilimsomea salamu, mengine nikayatunga.

Umesema kweli. Nilicheka siku ile, na mamako alicheka, na wewe ulicheka. Sikujua kuhusu gunia. Hukusema. Ulikaa hapa ukala ukaondoka, na neno hilo umelibeba mpaka leo ndiyo unanirushia usoni. Basi limenipata. Ule ulikuwa uongo. Huu si uongo. Sina namna nyingine ya kuandika neno "si" likawa zito zaidi.

Nimekupigia simu hapo karakana. Nilipanga foleni posta, mguu huu unaoujua ukinisumbua, akapokea mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Nikamwambia mimi ni mjomba wa fundi wako, mamake hali yake si nzuri, aje. Akasema atakwambia. Nimekaa tangu siku hiyo nikisikiliza kila pikipiki inayosimama.

Dada yangu hajui kama ninakuomba. Amenikataza. Alisema, "Usimbembeleze. Mtoto habembelezwi kwenda kwa mamake." Kwa hiyo mimi ndiye ninayekubembeleza, kwa wizi, kama ninayeiba kitu chake. Maji anayanywa kwa kijiko. Mikono ile iliyokuwa ikipitisha uzi kwenye sindano bila kutazama, sasa kikombe cha chai nakishika mimi.

Njoo, mwanangu. Ukifika nitakupa springi mkononi kabla hujavua viatu. Naapa.

Mjomba wako


30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na kuuguza.

Nitakuja. Nimeshasema, nitakuja. Lakini nikiondoka sasa na kabati limefunguliwa, nimepoteza kila kitu, na safari hii sitakuwa na benchi la kurudi wala gunia. Bosi ameahidi kabati likicheza santuri zote nitakuwa fundi mkuu. Daktari naye ameanza kusema atalipeleka kwingine. Nikimaliza tu, siku hiyohiyo nipo kwenye basi. Kilichobaki ni springi. Ni springi tu.

Kwenye kifurushi hiki nimemtumia mama kastabani ya kuvaa kidoleni akishona. Ya fedha. Ile yake ya bati ilikuwa imeshaota matundu, nakumbuka sindano ilikuwa inapita na kumchoma, anainyonya damu na kuendelea kushona. Mvishe wewe.

Bisibisi


19 Agosti

Mpwa wangu,

Keti kwanza.

Dada yangu hayupo. Ametutoka alfajiri ya Jumapili, na mazishi yakafanyika jioni yake, sikuwa na namna ya kukungoja. Hakusumbuka mwisho. Aligonga ukuta, nikampigia santuri yake, na ilipokwisha nikasubiri agonge tena.

Kastabani yako iliwahi. Nilimvisha kama ulivyosema. Haikukaa, kidole kilikuwa kimekonda, ikawa inavuka na kuangukia shukani. Akaivaa kwenye kidole gumba. Aliomba kioo ajitazame nayo, akasema, "Kanunua kubwa, hajui kwamba nimepungua." Hakusema kwa kulaumu.

Sasa springi. Sikukuchorea kwa sababu siijui. Sijawahi kuijua. Kikombe ni changu, kijiti ni changu, springi ni ya mamako. Mimi nilihangaika nazo kama wewe, ya kalamu, ya saa, ya mtego wa panya, na yeye amekaa kwenye cherehani ananisikiliza nikitukana. Akachukua waya mwembamba, akauzungusha kwenye sindano ya kufumia, akaupasha juu ya pasi ya moto. Kisha akaijaribu hapa, kwenye mdomo wa juu, kama alivyokuwa akiujaribu uzi kujua umekazwa kiasi gani. Akatupa mbili tatu. Akanipa moja. Kikombe kikazama, kikapanda, na mpaka leo kinapanda. Nilimwomba anifundishe. Akanipa nyingine nijaribu mdomoni. Nikasikia waya tu.

Kuna jambo jingine, na hili ulisome ukiwa bado umeketi.

Ile pasi aliyoomba mwezi wa nne, alikuwa anakutengenezea springi wewe. Siku nzima kitandani na waya, mikono inatetemeka, anatupa, anaanza upya. Iliyomridhisha akaifunga kwenye kipande cha kitambaa cha bitana akanipa. "Mpelekee," akasema, "asije akaaibika mbele ya bosi wake." Nikaipokea. Nikaitia kwenye droo ya kabati. Nilijiambia ukiipata hii hutakanyaga tena huku, na usipoipata utakuja. Nikaikalia.

Kila barua yako ikifika anauliza, "Imemfaa? Amesemaje?" Nami namsomea maneno ambayo hukuyaandika. Nikamwambia umeshukuru. Nikamwambia umeandika kwamba hakuna fundi kama mama. Aliniambia nirudie hapo, nikarudia. Sikuweza kukumbuka nililisema vipi mara ya kwanza, lakini hakujali.

Wewe hukuja na mimi sikutuma. Tumemla pande mbili. Sikuombi msamaha, maana nitauomba kwa nani, na wewe sijaona kama una wa kugawa.

Bitana hii hapa ndani ya bahasha. Sikuifungua. Ni mafundo yake.

Mjomba wako


27 Septemba

Mjomba,

Nimeipata.

Sijui nianze na salamu gani. Kwa nini nikwambie sijambo.

Mafundo yake yalinishinda. Nilitumia meno. Nikaitoa springi nikaiweka kwenye mdomo wa juu, kama ulivyoandika, nikafumba macho. Nami nilisikia waya tu. Nilikaa hivyo mpaka bosi akaniuliza kama jino linaniuma.

Kisha nikaiweka kwenye kabati la daktari. Usiniulize kwa nini. Alisema nisiaibike, basi sikuaibika. Iliingia mara ya kwanza, bila kupapasa. Tukaweka ya tundu pana, ikatulia. Tukaweka ya tundu jembamba, kikombe kikazama taratibu kama mtu anayeketi, na wimbo ukatoka safi. Kila santuri aliyokuja nayo ilicheza. Daktari alicheka kama mtoto. Bosi alinishika bega mbele ya watu wote, akasema huyu ndiye aliyebuni kitu hiki, huyu ndiye fundi mkuu wangu. Jina la mama sikulitaja. Wakalifunga mablanketi wakalipakia. Nilikimbia nje kumwambia dereva asubiri, na aliponiuliza asubiri nini, nikamwona bosi ananitazama, nikamwambia basi, nenda. Wakaondoka na springi ya mama.

Simu niliambiwa. Niliambiwa siku ileile, kikombe kikiwa mkononi. Nikasema ni yaleyale, Mjomba amepata mbinu mpya. Nikaendelea kusugua shaba.

Lakini na wewe upige hesabu yako. Ulikuwa nayo tangu Aprili. Ungeituma, kazi ingeisha Mei. Mwezi wa sita ningekuwa hapo, nimekaa kwenye kitanda chake, nikimshukuru mwenyewe kwa mdomo wangu. Ile asante uliyompa si yangu. Umeniibia. Alikwenda na asante yako akidhani ni ya mwanawe, na mimi ninabaki na ya kwangu sijui niipeleke wapi.

Nina swali moja, na najua utanichukia. Daktari ametangaza kwa wenzake. Makabati mengine yameletwa, yamejaa karakana, na bosi anawaambia wote kwamba fundi mkuu anaiweza. Nimenunua waya. Nimenunua sindano ya kufumia na pasi. Mdomo wangu umeungua na sijapata hata moja.

Je, ipo nyingine?

Bisibisi


15 Oktoba

Bisibisi,

Sisi huku tupo. Cherehani nimeipaka mafuta isishike kutu, ingawa hakuna wa kuiketia. Nguo za watu nimezirudisha, zilizokwisha na zisizokwisha. Kinyozi amefunga mdomo tangu mazishi, ananyoa kimyakimya, na wateja wanasema sasa ndiyo wanaogopa.

Hesabu yako nimeipiga. Naipiga kila siku. Kuna siku inatoka kama unavyosema, kwamba ungekuwa hapa mwezi wa sita. Kuna siku inatoka vingine, bosi wako analeta kabati la pili, unaandika barua nyingine, na mwisho inakuja kastabani bila wewe. Sitajua, na wewe hutajua. Hapo tumelingana.

Sikukuchukia kwa swali lako. Nilicheka, kicheko kibaya, kisha nikakaa chini.

Ipo nyingine. Ile ya kwanza kabisa, aliyonipa baada ya mimi kusema haiingii. Iko ndani ya kabati letu, chini ya kikombe. Kila asubuhi nikifungua duka, kabla sijagusa redio ya mtu, natumbukiza sarafu na kupiga santuri yake mara moja. Ukuta haugongwi, lakini naipiga.

Siitoi, siitumi, wala siichori. Ukiitaka, njoo uitoe kwa mkono wako. Nilikukataza kulifungua kabati hili ulipokuwa mdogo, sasa nimekuruhusu. Kuna skrubu nne nyuma, hazijakazwa sana. Ila ujue kwamba ukishaitoa, santuri ya mamako haitaingia tena.

Nitasimama pembeni. Sitakuzuia.

Mjomba wako